Taja Kumi

…na baada ya Liston anakuja Tyson, na baada ya Tyson anakuja Holyfield, na hapo ndipo mwisho wa orodha, lakini nikihesabu kwenye vidole vya Espoir, kwa kuwa vyangu vimeshika bandeji, kwenda na kurudi, napata tisa tu, kidole gumba chake kinabaki bila mtu, na haiwezekani, orodha ni yangu mwenyewe, nimeitunga mimi Liévin, nimeifundisha katika klabu yangu ya ngumi pale Nyakasanza, hapa Bunia, kwa zaidi ya miaka ishirini, kuna watu wazima leo wanaoendesha malori ya kwenda Mahagi wanaoweza kuitaja hata wakiwa usingizini, na mimi mwenye orodha nimekaa juu ya dawati la watoto wa shule, mkono wa kushoto wa bondia wangu umelala juu ya goti langu, nazungusha bandeji, mara tatu kwenye kifundo, napanda juu ya gumba, nashuka, narudi, mikono yangu haijasahau kitu, mikono inajua kazi, ni kichwa tu kinachozunguka bila kushika… tuanze tena, polepole, bila kukimbia, Ali wa kwanza, hiyo haina mjadala, Joe Louis wa pili, alikaa na mkanda karibu miaka kumi na miwili, nani mwingine aliweza, Foreman wa tatu, Marciano ambaye hakushindwa hata mara moja, mapambano arobaini na tisa, Holmes, Johnson, Liston, Tyson, Holyfield, tisa, tena tisa, kuna mtu amesimama mlangoni hataki kuingia, na namjua, najua hata umbo lake, mfupi, kifua mbele, anainama, anakuja tu, anakuja na ile ngumi ya kushoto kama mtu anayefyeka majani, naona kila kitu chake ila jina, na pale mbele Roger ameshika chaki anacheka na Dady, maana hawana kazi nyingine hao wawili, pambano linaanza sasa hivi, uwanja wa shule umejaa, jenereta inanguruma, spika zinapiga muziki hadi vioo vya darasa vinatetemeka, na wao wamefuta nusu ya somo la Kifaransa la mwalimu wa darasa la tano, kitenzi être kimekatwa katikati, nous sommes imebaki peke yake, chini yake wameandika namba moja hadi kumi, wanapanga mabondia wakubwa wa uzito wa juu wa nyakati zote, na Roger, ambaye ndiye mwandaaji wa mechi, mnunuzi wa dhahabu wa Mongbwalu, miwani ya jua juu ya kichwa hata ndani ya nyumba, anasema Tyson ndiye wa kwanza kwa sababu alichukua mkanda akiwa na miaka ishirini, na Dady, msaidizi wangu wa kona, anasema orodha bila Ali mbele ni karatasi ya kufungia samaki, Ali alikuja hapa kwetu, Kinshasa, alikula hewa yetu, Tyson alikula hewa gani ya hapa… na mimi nisiangalie ubao, ubao ni wa Roger, orodha yake ni ovyo, ameweka Marciano wa nane, na nikiiangalia itaingia ndani ya yangu, zitachanganyika kama mchele na mahindi yaliyomwagika pamoja, halafu nani atazichambua, lakini nimeshaangalia, ndiyo hivyo, nimeangalia, na sasa nikisema Ali naona chaki ya Roger inasema Tyson.

Taratibu. Bandeji kati ya vidole, kidogo na cha pete, cha pete na cha kati… orodha niliianza mwaka ule wa vita, ndiyo, ulikuwa mwaka ule, maana bondia akianguka wenzetu wenye daktari pembeni humwangalia machoni na kumuuliza leo ni siku gani, na mimi nilimuuliza hivyo Étienne, fundi wa kushona, mtu mwerevu, ameangushwa na kusimama, leo ni siku gani, akasema sijui, nikamtoa, kumbe mimi mwenyewe sikujua, na waliokuwa wanatazama hawakujua, tulikuwa tumejificha siku nyingi hadi Jumanne na Alhamisi zilifanana, nikajaribu swali la pili, nani anatawala mji, na watu wote wakacheka, hata Étienne mwenye damu puani alicheka, maana wiki ile hata mwenye akili timamu hakujua nani anatawala Bunia asubuhi na nani jioni, ndipo nikasema hapana, lazima tupate kitu ambacho vita haviwezi kubadilisha, mabondia kumi, kwa mpangilio, wafu na wazee, hakuna anayeweza kuja na bunduki akamshusha Joe Louis kutoka namba mbili, na tangu siku hiyo ikawa sheria ya klabu, ukipigwa ukaanguka nakuinamia nakwambia taja kumi, ukitaja kumi unarudi, ukikosa mmoja unavaa shati lako unakwenda nyumbani na wiki tatu sitaki kukuona na glovu, sheria bila baba wala mama, niliitumia hata kwa mtoto wa dada yangu… nikajivuna, ndiyo, nilijivuna, nilisema hospitali wana mashine, mimi nina Ali na Louis. Mganga hajigangi, walisema wazee, na mimi sikuwahi kujiuliza nani atamwinamia Liévin.

Jumanne. Sitaki kuifikiria Jumanne, lakini Jumanne ndiyo iliyokaa hapa kati ya vidole vya huyu kijana, mazoezi ya mwisho, Dady alimpiga ndoano ya kulia, hata haikuwa ngumi ya hasira, ngumi ya kazi tu, juu ya sikio, na Espoir akapiga goti moja chini kama mtu anayesalimu altare, akakaa hapo, akatazama chini kana kwamba ameangusha kitu, nikamwinamia, taja kumi, akaanza vizuri, Ali, Joe Louis, Foreman, akaendelea, nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu kama kawaida, na mahali fulani, pale katikati, nikasikia Foreman tena… au sikusikia… nilisikia Foreman mara mbili, nadhani, na vidole vyangu vilifika kumi, kwa hiyo ilikuwa kumi na Foreman ndani yake mara mbili, maana yake tisa, au ilikuwa kumi halali na sikio langu ndilo lililorudisha Foreman, kwa sababu mimi Foreman ananirudia mara kwa mara, tangu utotoni, baba aliweka redio dirishani kule Mongbwalu, alfajiri, nyumba za wafanyakazi wa mgodi zote zimewasha taa, raundi ya nane, Ali akamwangusha, na baba alipiga kelele hadi mama akadhani nyoka ameingia… nikasema moyoni, Foreman alikuwa bingwa mara mbili, alirudi na miaka arobaini na mitano akachukua mkanda tena, kwa hiyo kumtaja mara mbili si kosa sana, ona upuuzi huo, ndivyo nilivyojiambia, mtu mzima, nikamwambia Espoir sawa, simama, endelea, na Dady akanitazama, akanitazama tu, na jioni ile Espoir alitapika nyuma ya klabu, nikasema ni maharagwe.

Kwa nini nilisema ni maharagwe, najua kwa nini, nisijidanganye, mechi ilikuwa imetangazwa redioni, Roger amesema atakayeshinda leo anapelekwa Kinshasa kwenye majaribio ya timu ya taifa, na klabu yangu haijawahi kupeleka mtu Kinshasa, hata mmoja, vijana wangu wote wamekuwa madereva na walinzi wa usiku, na Espoir ni mzito wa kweli, kilo mia na mbili, bondia wa namna hii anapatikana mara moja, halafu kuna mama yake, yuko nje sasa hivi, benchi ya mbele, mama Martine, amevaa kitenge kipya, walikimbia vita kule Djugu na sufuria mbili na godoro, wakakaa miaka kwenye kambi chini ya hema za plastiki, na siku alipomleta kwangu alisimama mlangoni hakutaka kukaa, alisema neno moja tu ambalo silisahau, nimesahau mengine, nimesahau funguo za klabu ndani ya mfuko wa unga wa foufou, mke wangu Scholastique alizikuta wakati wa kusonga, nimemwita Scholastique kwa jina la dada yangu marehemu mara ngapi mwezi huu, na wiki iliyopita nilipanda pikipiki sokoni, kijana akaniuliza, muzee tunaenda wapi, na sikujua, sikujua kabisa, nikamwambia mbele tu, akaenda mbele, tukafika barabara ya uwanja wa ndege, nikamwambia nilitaka kupunga upepo, akanitazama kama Dady alivyonitazama… lakini neno la mama Martine sijalisahau, alisema, "Muzee, nakupatia huyu mutoto. Unichungiye kichwa yake, ile ingine yote Mungu atachunga." Kichwa, alisema. Hakusema mkono, hakusema jina, hakusema Kinshasa.

Basi. Namalizia mkono wa kushoto, nafunga plasta, nabonyeza, kunja ngumi, anakunja, fungua, anafungua, vizuri, na Frazier. Frazier! Huyo hapo, ndiye aliyesimama mlangoni, Joe Frazier, ngumi ya kushoto, alimpiga Ali akamwangusha, nimekupata baba, ingia, kaa, sasa ni kumi, hebu, Ali, Louis, Foreman, Frazier, Marciano, Johnson, Liston, Tyson, Holyfield… tisa. Tisa tena, sasa ni mwingine aliyetoroka, nimefungua mlango mmoja kumwingiza na mwingine ametokea dirishani, nani alikuwa humu sasa hivi hayumo, Mungu wangu, nilimtaja dakika chache zilizopita, nilimtaja mwenyewe, naogopa, niseme ukweli, naogopa kweli, jasho limenitoka mgongoni na hakuna joto… subiri, subiri, kuna jambo jema hapa, ukiligeuza ni jema, ikiwa kichwa kibovu ni changu basi sikio la Jumanne lilikuwa bovu, kwa hiyo Espoir alitaja kumi sawasawa na ni mimi niliyesikia vibaya, kichwa chake kizima, cha kwangu ndicho kilichochakaa, mapambano thelathini na moja, Kisangani, Isiro, hapa, bila kofia ya ngozi, nilijigamba kwamba sijawahi kulala chini, nililala wapi, sikulala, nilizipokea zote nikiwa nimesimama kama nguzo ya umeme, na kila moja ilichukua kitu kidogo ikaenda nacho, haikubisha hodi, na leo ndio nahesabu kilichobaki… sawa, mimi nimekwisha, lakini kijana ni mzima, apigane, ashinde, aende, halafu nitamwambia Scholastique, baada ya mechi, si lazima leo, nimpe Dady klabu polepole, nani atajua, ndiyo, hivyo ndivyo, tunamaliza hivyo, na moyo umetulia kidogo, nipe mkono wa kulia.

Hatoi. Mkono wa kulia ameukunja juu ya paja tangu alipoketi, nilidhani anajikaza kabla ya pambano, mabondia wana mambo yao, mmoja hukunja ngumi, mwingine huimba zaburi, nipe, mwanangu, nausogeza mwenyewe juu ya goti langu, ni mzito kama mkungu wa ndizi, naufungua kidole kimoja kimoja, na yeye anatazama dirisha, na ndani ya kiganja kuna wino. Wino wa kalamu ya bluu, maandishi madogo yaliyobanana, jasho limeyafuta pembeni, Ali, Louis, Foreman, Frazier, Marciano, Holmes… Holmes, ndiye aliyetoroka, Larry Holmes, namkuta hapa… Johnson, Liston, Tyson, Holyfield, kumi, kwa mpangilio wangu, hata mstari chini ya Frazier ambao mimi huupiga ubaoni kila mwaka kwa kuwa vijana wengi humsahau, ameandika kama wanafunzi wanavyoandika majibu siku ya mtihani wa serikali, ili nikimwinamia raundi ya tatu na kusema taja kumi asome kiganja chake, na amesahau, maskini, mpumbavu wangu, amesahau kwamba ni mimi ninayefunga bandeji, na kwamba ndani ya glovu hakuna anayesoma kitu, mtu mwenye kichwa kizima hasahau jambo kama hilo… anainamisha uso karibu na sikio langu, Roger asisikie, na anasema, "Papa coach, usikasirike. Tangu ile siku ya mbili, bale bantu banakuya mu kichwa, banatoka."

Siku ya mbili, ndiyo hiyo Jumanne, na hao watu ni hawa kumi. Sikasiriki, nikasirike na nani, nimeshika mkono huu na nasoma, nasoma tena kutoka juu hadi chini kama mtu aliyepewa maji, mwanafunzi ameiba majibu na mwalimu anayaiba kwake, tuna orodha moja tu sisi wawili na yenyewe iko kwenye jasho, kwa hiyo sikio langu halikukosea Jumanne, kilichokosea ni kinywa changu kilichosema sawa, na kichwa changu nacho kimekosea leo, si mmoja wetu, ni wote wawili, na nilikuwa nachagua, ona nilivyokuwa nachagua, kama kichwa kimoja kikiwa kibovu basi kingine lazima kiwe kizima… na hata kama kingekuwa kizima, raundi ya tano anapigwa pale kamba za mbali, anayetakiwa kujua sasa imetosha ni nani, anayeshika taulo ni nani, ni mimi, mtu asiyejua pikipiki inakwenda wapi, nitasimama pale na taulo begani natafuta jina la Holmes wakati mtoto wa watu anauawa mbele ya mama yake, na nitasema nini kwa mama Martine, kwamba nilimpeleka Kinshasa… naweza kuyafunika. Bandeji iko hapa, zungusho la kwanza linamfunika Ali na Louis, la pili linamfunika Frazier, mara sita na hakuna atakayejua, na nimeanza, nakiri, mikono inajua kazi na imeanza yenyewe, Ali ameshakwenda, na Roger amegeuka kutoka ubaoni, chaki mkononi, pale namba moja amefuta tena, hawaelewani, anasema, "Coach, siye tunakungoja weye. Wa kwanza njo nani?" na Dady naye ananitazama, yale macho yake ya Jumanne, na nje wameanza kuita jina la Espoir kwa makofi, na jibu ninalo, majibu yote kumi yako mkononi mwangu kwa wino wa bluu, nikiyasoma wote watasema muzee Liévin bado yuko sawa, bado ni yule yule, na ningependa sana waseme hivyo, ni kitu kitamu kusemwa… lakini wa kwanza ni nani kati yao kama si Frazier, ambaye katika pambano lake la mwisho na Ali aliambiwa na mtu wake wa kona, imetosha, keti, kisha akaketi, na mtu huyo wa kona hajaandikwa ubao wowote, sijui hata jina lake, hilo sikulisahau, hilo sikuwahi kulijua. Nalegeza zungusho. Ali anarudi. Naweka mkono wa kulia juu ya dawati, nachukua tena ule wa kushoto niliokwisha kuufunga vizuri kiasi kile, natafuta ncha ya plasta kwa ukucha, naivuta, inatoa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, Roger bado ananingoja na chaki yake na mimi naendelea kufungua, kati ya vidole, juu ya gumba, mara tatu kwenye kifundo, na Espoir anauangalia mkono wake unavyobaki mtupu, kisha namwambia avae shati yake, tunaenda hospitali kuona munganga.

"Juu ya miye?" anauliza kama ni kwa ajili yake.

"Juu ya siye bawili."